Mkwe Nyuma ya Ukuta

Jumatatu, 4 Julai 1994

Mke wangu Esther kaondoka alfajiri na lori la Mtwara kufuata mitumba. Kaniachia vitu vitatu: mbuzi, funguo za kabati, na mama yake mgonjwa. Mbuzi nawaweza.

Daftari hili kanipa Nesi Anifa wa zahanati. Kasema niandike kila siku Mama kaamkaje, miguu imevimba hadi wapi, dawa kameza au kakataa. Mistari miwili inatosha, kasema. Lakini mtu aliyekuwa karani wa ushirika miaka kumi na sita humpi daftari jipya ukategemea mistari miwili! Tangu ridandasi, nilipopunguzwa kazini, sijashika kalamu kwa jambo la maana. Nitaandika yote, na Nesi nitamsomea yanayomhusu.

Haya, yanayomhusu: Mama kaamka amekaa. Kulala chali hawezi, anabanwa pumzi. Miguu imevimba hadi magotini. Dawa kameza.

Yote hayo kanieleza Mama Hamudi, jirani yetu, anayelala naye usiku na kumwogesha asubuhi kabla hajaenda shambani kwake. Mimi sijamwona mgonjwa. Nina miaka kumi na nane kwenye mji huu wa ukweni, hapa Mnyambe, na mama mkwe wangu namjua zaidi kwa sauti. Sura nimeiona kwa pembeni: harusini, msibani, na siku ile tulipokutana ghafla kwenye kijia cha Mnyambe. Mimi nikaingia kwenye mihogo, yeye akaingia kwenye mbaazi, kila mmoja akingoja mwenzake apite kwanza. Tulingojeana muda mrefu sana. Ndiyo heshima yetu. Mkwe hamwangalii mkwe usoni, hali naye sahani moja, na chumbani kwake haingii hata nyumba ikiungua.

Na sasa mimi ndiye muuguzi. Kwetu Lupaso wakisikia watacheka mpaka wakae chini.


Jumanne, 5 Julai

Nesi kaja kwa miguu, vumbi hadi magotini. Kanieleza ugonjwa upya, polepole, kama anavyoelezwa mtoto. Moyo umechoka kusukuma damu. Maji yanajaa miguuni, kisha kifuani. Akilala chali yanampanda. Kule hospitali ya misheni walishasema tangu mwezi wa nne: hakuna kupona, kuna kumpunguzia taabu. Chumvi kidogo. Maji ya kunywa kidogo. Vidonge vya kukojoza asubuhi. Dirisha liwe wazi apate hewa. Na mgongo uegemezwe juu, usiku na mchana.

Nikamuuliza, amebakiza muda gani? Kasema hajui. Nikamwambia yule mama wa bondeni mwenye kansa, ndugu zake waliambiwa miezi mitatu, na kweli ikawa mitatu. Kasema kansa mara nyingi inajulikana inakoelekea. Moyo haujulikani. Leo utasema hafiki jioni, wiki ijayo utamkuta anachambua choroko.

"Ndiyo maana wagonjwa wa moyo wanakaa wapweke, Baba Ida," kasema. "Watu hawajui waje lini."

Kisha kauliza nani anamshika mchana akiteleza. Nikasema mchana namsemesha kwa dirishani. Nikamweleza habari za ukwe. Kasema anazijua, hata kwao Lisekese zipo, lakini shangazi yake alimwogesha baba mkwe wake mpaka siku ya mwisho na kesho yake jua lilichomoza kama kawaida. Nikamjibu kwamba shangazi yake hakuoa Mnyambe. Kasema kweli, hakuoa. Nilipotambua nilichosema alikuwa ameshafika barabarani.


Jumatano, 6 Julai

Uuguzi wa dirishani. Nakaa kwenye kigoda, mgongo kwenye ukuta wa nyumba yake, nauliza. Mama, umeegemea? Nimeegemea. Mama, dawa? Nimemeza. Asubuhi nafungua dirisha lake kwa fimbo, nikiwa nje, uso nimeugeuzia bandani kwa mbuzi.

Leo, kwa kuwa Nesi alisisitiza vidonge vya kukojoza vifanye kazi, nikapaza sauti: Mama, umepata haja ndogo? Wapita njia watatu wakasimama.

Jioni kanitumia ujumbe kwa Mama Hamudi. Jibu ni ndiyo, mara nne, na nisiulize tena kwa sauti ya mnadani.


Alhamisi, 7 Julai

Nimetengeneza egemeo. Mito aliyonayo imesinyaa, anateleza kila saa, na Mama Hamudi hawezi kushinda hapa.

Wazee wa Mnyambe wakishika tezo, gogo linakuwa mtu. Mimi Mmakua wa Lupaso nikishika tezo, gogo linakuwa kuni. Lakini nilikazana. Mbao za kitanda kibovu, misumari niliyoinyoosha kwa jiwe, magunia mawili ya korosho niliyojaza sufi. Kazi ya siku nzima, na kidole gumba kimoja kimekuwa cheusi. Mama Hamudi kaliingiza ndani. Nikasikia linaburutwa, linasukumwa.

"Baba Ida," kasema Mkwe kutoka ndani.

"Naam, Mama."

"Asante. Hiki ni kiti au ni mtego?"

Nikasema ni egemeo. Kasema haya. Baada ya muda nikasikia anakoroma. Anakoroma amekaa! Nilikaa pale nje nikisikiliza mpaka mbuzi wakala mboga za jikoni.


Jumapili, 10 Julai

Egemeo bado limesimama. Siku tatu. Sijawahi kutengeneza kitu kikadumu hivi.

Kanisani wametangaza wagonjwa wa kutembelewa wiki hii. Wanne. Mama hayumo. Baada ya ibada nikamfuata mama mmoja wa kikundi cha kutembelea wagonjwa, nikamuuliza kwa adabu imekuwaje. Naye kanijibu kwa adabu: Baba Ida, tulishakuja.

Kweli walishakuja, na aliyewaita ni mimi. Mwezi wa nne, Mama alipozidiwa mara ya kwanza, niliandika barua tisa kwa mwandiko wangu wa ofisini: Hali ni mbaya sana, njooni mwonane naye angali hai. Wakaja kutoka Masasi, Lupaso, mpaka Nachingwea. Padre akampaka mafuta. Wanawake wakaanza kulia polepole kwa kujiandaa. Siku ya tatu Mkwe kaomba ugali. Siku ya tano kawapikia wageni. Mwezi wa tano nikaandika tena, barua tisa zilezile, wakaja sita. Walikuja kulia wakaishia kula kuku. Nasikia Mkwe alisoma barua mojawapo, kasema mwandiko mzuri ila haraka ya nini.

Sasa anazidiwa kweli, na hakuna anayekuja. Barua ya tatu siwezi kuiandika. Nimeimaliza imani ya watu wote kwa kalamu yangu mwenyewe.


Jumatatu, 11 Julai

Miguu: mapajani sasa. Dawa: kameza. Chumvi: kanituhumu nimeificha. Ni kweli nimeificha.


Jumatano, 13 Julai

Mjomba Cecil kaja kutoka Newala mjini. Ni mdogo wake Mkwe, ndiye mkubwa wa ukoo sasa, na kofia yake haivui mpaka amekaribishwa mara mbili. Kaingia kumwona dada yake, katoka macho mekundu, kakohoa kidogo, kaanza kukagua mji.

Nikapata ujasiri nikamuuliza kwa kuzunguka. Mjomba, tuseme siku moja Mama Hamudi hayupo. Kasema mwite mwanamke mwingine. Tuseme na yeye hayupo. Mwite binti. Tuseme hakuna binti, Ida wetu yuko shule ya bweni. Hapo akasimama. Kasema mji huu una heshima yake, marehemu shemeji yake hakuwahi hata kupita mbele ya mlango wa mkwewe. "Wewe utaingia humo siku ya kumtoa. Na hata hiyo siku utangoja uambiwe."

Nikasema ndiyo, Mjomba. Mimi hodari sana wa ndiyo. Hata siku niliyopewa barua ya ridandasi nilisema ndiyo, nikamshukuru aliyenipa, nikamuulizia na hali ya watoto.

Wakati wa kuondoka kasimama chini ya mikorosho saba inayozunguka nyumba ya Mkwe, katazama maua. Kauliza ni mkwe gani huyu anayeacha mikorosho ya mama mkwe wake iliwe na ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa maua. Majirani wote wameshapuliza unga wa salfa, maua yao safi. Yetu meupe pepe kwa ule ugonjwa. Kaondoka hajaaga vizuri.

Limeniingia. Kutwa nzima linanitafuna. Mwanamume anayeuguza kwa mdomo, anayelishwa na mitumba ya mke wake, na mikorosho saba inamshinda.


Ijumaa, 15 Julai

Sijui niandike vipi.

Nilimkodi Godwin na mashine yake ya kupulizia salfa. Salfa hupigwa alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka. Hayo ninayajua. Na alfajiri ndipo ninapofungua dirisha la Mkwe kwa fimbo yangu. Hayo pia ninayajua, nilikuwa nimeshalifungua. Nayajua yote mawili na sikuyakutanisha. Kazi ya karani, kukutanisha karatasi mbili!

Nilisimama katikati ya uwanja, kitambaa mdomoni, mkono kiunoni, nikimwelekeza Godwin: huku, na huku, usiache tawi lile. Nilitaka wapita njia wanione. Niliomba Mjomba Cecil apite. Wingu la njano likapanda, likageuka, likaingia dirishani kama limeitwa. Mashine inanguruma, sikusikia kitu. Kilichonishtua ni Mama Hamudi katokeza mlangoni, khanga puani, anapunga mikono yote miwili.

Mashine ilipozimwa ndipo nikasikia. Kikohozi, kisha si kikohozi tena, ni mtu anatafuta hewa na hewa haipo. Halafu mbao kuvunjika. Egemeo langu.

Nilizunguka nyumba mara tatu. Nilifunga dirisha, nikalifungua, nikalifunga. Mama Hamudi peke yake ndani, mwanamke wa miaka sitini, kamshika mwenzake kifuani anampepea na sinia, ananiita: Baba Ida, njoo unisaidie, nimechoka mikono! Nilifika kizingitini. Mguu mmoja uliingia. Niliuona ukiwa ndani, kwenye sakafu yake, na vumbi la salfa juu yake. Nikaurudisha nje.

Kamshika peke yake mpaka saa sita mchana.

Ninaona aibu. Miaka yote nilidhani aibu ni kumwona mkwe. Kumbe aibu ni hii.


Jumamosi, 16 Julai

Anahema kwa shida. Midomo imekuwa ya buluu, kasema Mama Hamudi. Chakula hataki. Nimeketi kwenye kigoda sijauliza swali lolote.

Saa tano kaniita mwenyewe. Sauti ndogo, maneno mawili, kapumzika, mawili tena. Kauliza mikorosho imepuliziwa vizuri? Nikasema vizuri, Mama. Na nisamehe, Mama.

Kapumzika muda mrefu.

"Basi hata mimi," kasema, "ubwiriunga sitaupata."

Nililia. Nililia nikicheka, kigodani, mchana kweupe, na yule mama wa kutembelea wagonjwa akapita akaniona.


Jumanne, 19 Julai

Nesi kaja, kakaa ndani karibu saa nzima. Katoka kanawa mikono taratibu. Kasema kifua kimejaa. Kaongeza vidonge, lakini kasema nisivitegemee sana. Salfa haikumsaidia, ila ugonjwa ungefika hapa hata bila salfa. Sijui kama ni kweli au ananionea huruma. Nimechagua kutouliza.

Kauliza kama tumrudishe hospitali. Kabla sijafungua mdomo Mkwe kajibu kutoka ndani. Kaenda mara tatu, karudi mara tatu. Kule lorini wanamlaza. Akienda tena atarudi amelala, na yeye kulala hawezi.

Nesi kacheka, kajifuta macho. Kanivuta pembeni. Kasema sasa si mambo ya mbao wala mito tena. Anahitaji mtu nyuma yake. Akiegemea mtu, mtu akapumua, naye anapata kupumua, hata anasinzia. Kwa mgonjwa wa hivi kusinzia ndiyo dawa iliyobaki. Na woga unampungua, maana anayekosa hewa anaogopa kuliko mwenye maumivu.

Nikamuuliza tena muda gani. Kasema siku, au wiki. "Nisikudanganye, Baba Ida. Ila safari hii usiandike barua. Kaa naye."

Kaa naye. Nikasema ndiyo.


Alhamisi, 21 Julai

Dereva kaleta salamu. Lori la Esther limekatika ekseli Nanyamba, yeye kakaa juu ya marobota yake asiibiwe. Kasema atafika Jumamosi jioni, au Jumapili. Kauliza mama anaendeleaje. Nimemjibu: anakungoja. Sikujua niseme nini kingine kwa kinywa cha dereva.

Mama Hamudi naye kaja kunieleza, huku akiangalia chini. Jumamosi wanatolewa wasichana unyagoni. Yeye ndiye kungwi mkuu, mwezi mzima kawafundisha, hawezi kukosa. Na wanawake wote wanakwenda, vijana na wazee. Atamwogesha alfajiri, atarudi alasiri. Nikasema ndiyo, nenda mama, umefanya mengi.


Ijumaa, 22 Julai

Nimezunguka kijiji kutafuta mwanamke asiyekwenda unyagoni kesho. Hayupo. Hata bibi mkongwe kuliko wote kijijini, asiyeona, anabebwa mgongoni. Kanijibu mimi ni nani nimzuie.

Godwin kajitolea kuja kushinda na mgonjwa. Nikamweleza Mkwe kwa dirishani. Kauliza, yule wa salfa? Nikasema ndiye. Nimemshukuru Godwin, nimemwambia apumzike.


Jumamosi, 23 Julai

Saa tisa alasiri, kwa kukisia. Daftari liko gotini na herufi zinapinda kwa sababu siwezi kugeuka wala kuinama.

Niandike kwa mpangilio. Alfajiri Mama Hamudi alimwogesha, akamkalisha juu ya mito, akaondoka na wenzake wamejipaka unga usoni. Ngoma zikaanza kule mbali. Kijiji kikabaki cha wanaume, na wanaume siku hiyo hawatokezi mpaka wasichana warudi. Nikakaa kwenye kigoda. Mama, umeegemea? Nimeegemea. Saa nne, nimeegemea. Saa sita sauti ikawa ndogo. Saa saba niliuliza, akajibu kwa kukohoa. Kisha nikasikia mito inaanguka, na ile sauti. Ya siku ya salfa.

Nilisimama. Nilimwita Mama Hamudi, ambaye kule hasikii hata radi. Nilimwita Esther aliyeko Nanyamba. Nilimwita Nesi. Nilimwita Mjomba Cecil, sijui wa nini. Nikawa nimewaita wote walio mbali.

Basi nikaingia. Kinyumenyume! Ndiyo, nilimgeuzia mgongo na macho nikayaacha mlangoni, nikiwaza kwamba nisipomwona nitakuwa sijavunja kitu. Karani hata akizama hutafuta kifungu cha sheria. Niligonga mtungi wa maji, ukapasuka. Nikakanyaga sahani ya uji. Nikapapasa nyuma kwa mkono, nikashika mguu wake. Wa baridi, umejaa maji, kidole changu kikazama na shimo likabaki. Uvimbe huo nilikuwa nauandika humu na sikujua nilichokuwa naandika.

"Nani?"

"Mimi, Mama. Mkwe wako."

Alitafuta hewa. Nilidhani atanifukuza.

"Umechelewa," kasema.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikamvuta kwa mikono ya nyuma. Sijui nilifanyaje, kesho sitaweza kurudia. Mwisho mgongo wake ukakaa juu ya mgongo wangu, na kichwa chake nyuma ya shingo yangu. Mwepesi. Mtu niliyekuwa namkimbia hadi kwenye mihogo ni mwepesi namna hii. Alihema haraka, haraka, mimi nikawa napumua polepole kama alivyosema Nesi. Ikapita muda. Yake ikaanza kushuka, ikaifuata yangu.

Nikauliza, kwa sauti yangu ya dirishani: Mama, umeegemea?

"Nimeegemea," kasema. "Usipige kelele. Niko hapa."

Tukakaa. Nilisikia ngoma. Nilimwambia Esther yuko njiani, kapata marobota mazuri. Kasema anaogopa. Hivyo tu: Baba Ida, naogopa.

Nikasema hata mimi, Mama.

"Wewe unamwogopa Cecil. Mimi naogopa kulala."

Nikamwambia leo halali chali, niko nyuma yake. Kasema basi usisimame. Nikasema sisimami. Sikusema ndiyo, nilisema sisimami.

Kasinzia. Daftari lilikuwa ndani ya shati na kalamu sikioni, ukarani hauna dawa, nikaanza kuandika ili na mimi nisisinzie. Nasikia kwa mgongo: inaingia, inatoka. Mguu wangu wa kulia umekufa ganzi zamani. Maji ya mtungi yamefika chini ya kitanda. Uso wake bado sijauona.

Ngoma zimegeuka, zinakuja huku. Vigelegele. Wanawake wote wa kijiji wanawarudisha wasichana, na watapita mbele ya mlango huu, ulio wazi. Nasikia na sauti ya Mjomba Cecil, kaja kuwapokea wajukuu wa ukoo, anasalimiana na watu pale barabarani. Shikamoo nyingi, marahaba nyingi. Muda upo. Naweza kumlaza ubavu kidogo tu, nikatoka, wanikute kigodani na adabu zangu. Nimeshahesabu hatua mpaka mlangoni. Ni tano.

Pumzi yake imekuwa nzito mgongoni, au ni mimi nimechoka. Inakawia. Inakuja. Inakawia zaidi.

Sisimami.

Kuna hodi. Ni Mjomba. Kapiga hodi mara mbili kwa dada yake na Mkwe hajaitika.

Nimeitika mimi. Karibu, Mjomba. Tuko humu.